Mizimu Aliyoifukuza Bwana Msa

Msikilizaji, nina ugomvi wa siku nyingi na Bwana Msa. Yule mpelelezi mvuta kiko wa Muhammed Said Abdulla, aliyetutokea mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale. Heshima yake naijua. Hadithi hiyo ilichukua zawadi ya kwanza katika shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, na walimu wetu wakianza kusomesha riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, hapo ndipo wanapoanzia. Naipenda na bado nairudia. Ugomvi wetu ni juu ya huo mzimu.

Maana kitabu kinaanza vizuri mno. Bwana Ali, tajiri mwenye shamba, anauawa, na maiti yake inakutwa penye mzimu. Aliyewahi kukaa shamba Unguja hahitaji kuchorewa picha: mti mkubwa au pango, chetezo cha ubani, vitambaa vyekundu na vyeupe, na sahani ya chakula ambayo mtoto haigusi hata njaa imuume vipi. Abdulla alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla hajaingia kwenye magazeti, na nadhani ndiko alikochota. Bwana Afya huingia hadi uani kwa watu. Huona kinachofichwa nyuma ya mtungi, husikia mazungumzo yanayokatika ghafla akibisha hodi. Zile sura za mwanzo zina mwandishi anayejua watu wanavyoogopa: hawapigi kelele, wanabadilisha mazungumzo.

Halafu anaingia Bwana Msa na swahiba wake Najum. Kiko kinawashwa, maswali yanaulizwa, Inspekta Seif anakodoa macho, na kidogo kidogo tunaambiwa kwamba mizimu haina kosa lolote, kosa ni la binadamu. Sawa. Lakini mimi msomaji niliyekwisha kuzima redio na kufunga mlango kwa komeo, nifanye nini na hofu yangu? Nimepandishwa juu ya mnazi, kisha nimeonyeshwa kwamba chini kuna ngazi.

Wanaosema Bwana Msa ni ndugu yake Sherlock Holmes hawakukosea, na ndugu huyo naye ana dhambi hiyo hiyo. Katika The Hound of the Baskervilles, iliyotoka gazetini kwa mfululizo mwaka 1901 na 1902, Arthur Conan Doyle anatutia baridi kwa jibwa la kuzimu linalowaka moto mdomoni. Mwishoni tunakuta ni mbwa wa kawaida aliyepakwa fosforasi. Cha ajabu, Conan Doyle mwenyewe uzeeni aliamini kabisa kwamba waliokufa huzungumza na walio hai. Alizunguka dunia akihubiri jambo hilo, na safari yake ya 1928 na 1929 ilimfikisha hadi Nairobi. Mwandishi anaamini roho, mpelelezi wake haamini! Ningetoa nusu ya mkebe wangu wa kahawa nimsikie Abdulla akijibu swali hilo: na wewe bwana, usiku ukiwa peke yako, ulikuwa upande wa nani?

Sasa mchukue Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari mwenzake, katika Babu Alipofufuka, iliyochapwa Nairobi mwaka 2001. Humo hakuna mpelelezi. Babu aliyekwisha kuzikwa anarudi, basi, amerudi. Anamjia mjukuu wake aitwaye K, mkubwa anayekula na kulala kwa raha huku waliomzaa wakidhalilika, na anamlazimisha atazame. Hakuna ukurasa unaotuomba radhi kwa kuwa maiti imesimama. Msomaji wa Charles Dickens atakumbuka mzee bahili Scrooge wa A Christmas Carol, ile ya 1843, anayetembezwa na mizuka usiku wa kuamkia Krismasi, akaamka asubuhi ameongoka, anagawa nyama. Said Ahmed hampi K urahisi huo, na hapo mimi nampigia makofi. Kwetu wakubwa hawaongoki kwa usiku mmoja. Lawama yangu ni moja: babu anahutubu mno. Kuna pahala nilitamani anyamaze, amtazame tu mjukuu wake, kwa sababu mfu akikutazama kimya inatosha.

Nikipita hapo hapo: Unguja na Pemba mwaka 1995 watu walilala nje, familia nzima zimekusanyana uwanjani na moto umewashwa, kwa kumwogopa shetani aitwaye popobawa. Ilikuwa mwaka wa uchaguzi. Hofu, siasa, usiku, jirani kumshuku jirani. Riwaya gani inataka zaidi ya hayo? Namsubiri mwandishi wa kiwango cha hao wawili alichukue jambo hilo, na tafadhali asimlete mpelelezi.

Lakini kitabu ambacho ningekiokoa kwanza nyumba ikishika moto si cha kutisha hata kidogo. Ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza. Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, akasoma kwa wamisionari, akakiandika kitabu chake kwa Kikerewe na kukimaliza mwaka 1945. Mchapishaji wa kitabu kinene namna ile, kwa lugha ya wasomaji wachache vile, hakupatikana. Mzee akakaa akakigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980, na mwaka uliofuata Kitereza akafa kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mume na mke wanapendana, mtoto hapatikani, maneno ya ndugu yanakuwa makali, wazazi wa Bugonoka wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere akimtaka mkewe, alete pombe ya ndizi ukweni. Na hapo mwandishi anakushika mkono na kukuonyesha pombe hiyo inavyopatikana, kazi kwa kazi, jirani kwa jirani, bila kuruka hatua. Wapo wanaolalamika kwamba anachosha. Mimi nasema huyo ni mtu anayeona dunia yake ikizama, anaokoa kila chombo anachoweza kukibeba.

Na mizimu imo! Waganga wanapigiwa hodi, wahenga wanatambikiwa, dawa zinachemshwa, hata watoto, Ntulanalwo na Bulihwali, wanazaliwa. Kitereza, Mkatoliki, mwanafunzi wa seminari, angeweza kuwacheka. Angeweza kuwaletea Bwana Msa wa Ukerewe. Badala yake anawaandika waliokufa kama anavyoandika wakwe: watu wa ukoo, wenye haki zao, wanaokasirika wakisahauliwa na kutulia wakikumbukwa. Sijawahi kuogopa hata ukurasa mmoja wa kitabu hicho, na bado hakuna kingine kilichonifanya nione wazi jinsi mtu anavyoishi nyumba moja na wafu wake, akilima na kuoa wakiwa karibu.

Kwa hiyo ukiniuliza uanze na kipi, anza na Bwana Msa, kwa kuwa atakuingiza katika usomaji bila kukusumbua. Akikukolea, mtafute tena katika Kisima cha Giningi. Kisha mpishe babu wa Said Ahmed. Kitereza mwachie likizo ndefu au msimu wa mvua. Na ukikwama kwenye kurasa za pombe, ziruke. Pombe ikishafika ukweni utaikuta tayari imeiva, na wakwe wamekaa wanaionja.