Ukinunua Motokaa: Uliza Jumla Kabla ya Kulipa

Juma lililopita tulijumlisha hesabu za duka. Leo tutaitumia hesabu hiyo hiyo kwa jambo kubwa zaidi, nalo ni kununua motokaa iliyokwisha tumika. Chukueni karatasi na kalamu. Mwalimu wa darasa ataandika ubaoni nitakayoyataja.

Huenda mmoja wenu atasema, "Mimi sina fedha za motokaa. Somo hili lanihusu nini?" Ngoja kidogo. Watu wengi hununua motokaa kwa kuchanga. Pengine ni ndugu wa ukoo mmoja, pengine ni wanachama wa kikundi cha akiba. Fedha hizo ni jasho la wengi. Aliyetumwa kununua asiposoma karatasi, wote hupata hasara.

Nitawaambia habari yangu mwenyewe. Nilipotaka motokaa yangu ya kwanza, nilikwenda katika yadi moja Dar es Salaam. Bei iliandikwa kwenye kioo. Tulipatana, nikafurahi, nikatoa arabuni, yaani fedha ya kutangulia. Siku ya kumaliza malipo nilipewa karatasi yenye ada nne ambazo sikutajiwa hata moja. Nilipouliza, nilijibiwa, "Huo ndio utaratibu wetu." Mimi nina diploma ya Chuo Kikuu, lakini nililipa kimya, kwa kuwa arabuni yangu ilikuwa mikononi mwao. Kusoma nilijua. Kosa langu ni kwamba nilisoma baada ya kutoa fedha.

Basi, andikeni mfano huu. Tarakimu hizi ni za kujifunzia tu.

Bei kwenye kioo: Sh. 14,500,000
Ada za Serikali: Sh. 300,000
Bima: Sh. 120,000
Kutengeneza karatasi: Sh. 250,000
Kuosha na kukagua: Sh. 180,000
Udalali: Sh. 150,000
Jumla: Sh. 15,500,000

Mmeona? Bei ya kioo imeongezeka kwa shilingi milioni moja. Sasa tuzigawe ada hizi mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni ada za Serikali na bima. Ada za Serikali ni kama zile za kubadilisha jina la mwenye motokaa katika Mamlaka ya Mapato, TRA. Muuzaji hakuzipanga, wala hawezi kuzipunguza. Lakini waweza kumwomba akuonyeshe namba ya malipo ya Serikali na risiti yake. Bima nayo yatakiwa na sheria, angalau ile ya kulipa madhara yatakayowapata watu wengine. Hata hivyo, waweza kuulizia bei ya bima kwa kampuni nyingine, ukainunua mwenyewe.

Tena, usikubali jina la ada kwa sababu tu limeandikwa vizuri. Kwa mfano, ada ya leseni ya motokaa iliyokuwa ikilipwa kila mwaka ilifutwa Tanzania Bara mwaka 2017. Ukiikuta katika karatasi yako, uliza ni ya nini.

Fungu la pili ni ada za muuzaji mwenyewe: kutengeneza karatasi, kuosha, kukagua, udalali. Hizi amezipanga yeye, kwa hiyo zinapatanwa kama bei ya nazi sokoni. Uliza, "Kazi gani imefanywa kwa fedha hii?" Kama motokaa ilioshwa ili ipate kuuzwa, mbona mnunuzi ndiye alipe? Na dalali, je, alitumwa na nani? Kama aliletwa na muuzaji, ujira wake ni juu ya muuzaji.

Katika mfano wetu, fungu la kwanza ni Sh. 420,000, na fungu la pili ni Sh. 580,000. Hapo ndipo pa kupatana.

Lakini angalieni hila moja. Muuzaji aweza kusema, "Nimekupunguzia bei laki mbili," kisha akaongeza ada ya karatasi kwa laki mbili na nusu. Jumla sasa ni Sh. 15,550,000. Umepunguziwa, na bado unalipa zaidi! Kwa hiyo msishindane juu ya ada moja moja. Semeni hivi: "Ndugu, nitoe shilingi ngapi kwa jumla, mpaka motokaa iwe kwa jina langu na niondoke nayo?" Jibu liandikwe, litiwe sahihi na tarehe. Kisha ndipo mpatane juu ya jumla hiyo.

Shikeni mambo haya matatu. Kwanza, usitoe arabuni kabla ya kupata jumla iliyoandikwa. Pili, risiti ya arabuni iseme kama fedha itarudishwa mkikosa kupatana. Tatu, uwe tayari kuondoka. Mwambie kwa adabu, "Ahsante, ndugu, nitawaza kwanza." Mara nyingi utaitwa kabla hujafika mlangoni. Usipoitwa, yadi nyingine zipo, na fedha zako bado unazo.

ZOEZI. Bei kwenye kioo ni Sh. 9,000,000. Ada za Serikali ni Sh. 260,000, bima Sh. 120,000, kutengeneza karatasi Sh. 200,000, na kuosha Sh. 70,000.
1. Jumla ni shilingi ngapi?
2. Ada zipi zinapatanwa, nazo ni shilingi ngapi?
3. Andika swali moja utakalomwuliza muuzaji kabla ya kutoa arabuni.

Someni majibu yenu kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Kwaherini, mpaka juma lijalo.