Rider Haggard na Nchi ya Wamasai

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosemwa Kajiado mbele ya wasomaji wa mji huo na wa Kitengela.)



Nimeombwa niwaeleze habari za mwandishi mmoja wa hadithi wa Uingereza, nami nimemchagua Henry Rider Haggard. Sikumchagua kwa kuwa ni bora kuliko wenzake. Wako waliomzidi kwa mbali katika ufundi wa lugha. Nimemchagua kwa sababu aliandika habari za Wamasai, na kitabu chake kilisomwa ng'ambo na watu wengi ambao hawakupata kumwona Mmasai hata mmoja. Basi yafaa wenyewe mjue alisema nini, na maneno yake aliyatoa wapi.

Alizaliwa mwaka 1856 katika Norfolk, mashariki ya Uingereza, mtoto wa nane kati ya kumi. Baba yake alikuwa mwenye mashamba, naye hakumdhania kuwa kijana wa akili nyingi. Mwaka 1875, alipokuwa na miaka 19, alipelekwa Natal, kusini mwa Afrika, akamtumikie Gavana bila mshahara. Mwaka 1877 alikuwako Pretoria Waingereza walipoitwaa Transvaal. Baadaye alifuga mbuni, na mwaka 1881 akarudi kwao kusomea sheria.

Kitabu kilichompa jina kilitokana na mabishano ya nyumbani tu. Haggard alisema kwamba Kisiwa chenye Hazina, kitabu cha Robert Louis Stevenson, si cha ajabu hivyo. Ndugu yake akamwambia, haya, andika wewe kilicho kizuri hata nusu yake. Wakawekeana shilingi moja. Akakaa kitako, na kwa muda wa majuma sita hivi akamaliza. Kilitoka mwaka 1885, na katika mwaka wake wa kwanza ziliuzwa nakala 31,000. Sisi twakijua kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, kama alivyokifasiri Frederick Johnson. Nami niliye mfasiri siwezi kumpita bwana huyo bila salamu, maana Kiswahili chake hakinuki Kiingereza, na hiyo ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani.

Sasa tuje kwa Wamasai. Mwaka 1887 Haggard alitoa kitabu cha pili cha mwindaji wake, Allan Quatermain. Safari ya hadithi hiyo yaanzia Lamu, nyumbani kwa balozi wa Uingereza, wala si ajabu, kwa kuwa Jack, nduguye Haggard, aliwahi kuwa balozi mdogo huko katika miaka ile ya 1880. Kutoka hapo wasafiri waufuata mto Tana. Morani wamkamata binti wa padre wa Kiskoti, na kulipopambazuka wasafiri wawavamia kambini walipolala. Morani wapata 250, na karibu wote wauawa. Pigano hilo limeelezwa kwa ustadi mwingi, hata msomaji hawezi kukiweka kitabu chini. Lakini ukiisha kulisoma, jiulize: katika watu hao wote, yuko hata mmoja mwenye mama, au mwenye ng'ombe anayemwita kwa jina?

Haggard alipoandika hayo hakuwa ameikanyaga nchi hii. Habari za Wamasai, pamoja na mavazi yao ya vita, alizichukua kwa Joseph Thomson, Mskoti aliyesafiri huku mwaka 1883 na 1884, na mwenyewe alikiri deni hilo katika kitabu. Thomson alipita Matapato na Kaputiei, yaani katika mbuga hizi hizi zetu, hata akafika Ngong. Mara nyingi alitishwa, akadaiwa hongo za shanga, nguo na waya, akachoka roho. Aliwashangaza watu kwa kuyatoa meno yake ya bandia na kuyarudisha kinywani. Msomaji wa Mashimo atamkumbuka mara moja Kapteni Good. Lakini hakupigana na Wamasai vita hata kimoja. Basi angalieni, ndugu zangu: safari ya kweli ilipita kwa subira na maneno, nayo hadithi iliyoifuata ikajaa damu.

Tusimhukumu kwa kitabu kimoja. Mwaka 1892 alitoa Nada the Lily, hadithi ambayo watu wake ni Wazulu. Humo mna wafalme, wazazi, wivu, mapenzi na huzuni, kama ilivyo kwa binadamu wote. Kwa nini huko aliweza? Kwa sababu miaka yake ya Natal alikaa karibu na watu waliokijua Kizulu na mambo ya kale ya Wazulu, akasikiliza. Hata kwao Uingereza alifanya vivyo hivyo: alizunguka mashambani akiwauliza wakulima hali zao, na mwaka 1902 akatoa vitabu viwili vikubwa vya habari zao. Mwaka 1912 alipewa cheo cha Sir, naye akafa London mwaka 1925.

Huenda mwalimu akauliza kama Allan Quatermain kiondolewe shuleni. Mimi naona kibaki. Ila kando yake kiwekwe kile cha Thomson, na watoto wa Kitengela watumwe kwa babu na bibi zao wakaulize habari za Emutai. Maana wakati Waingereza walipokuwa wakisoma habari za Wamasai wasioshindika, homa ya mapafu ilikuwa imekwisha kuingia katika ng'ombe wao tangu mwaka 1883 hivi. Ikafuata sotoka mwaka 1890 na 1891, kisha ndui mwaka 1892. Watu waliokuwa na mazizi yaliyojaa walikwenda kuomba chakula kwa majirani zao Wakikuyu, na wengine wakawaacha watoto wao huko ili wapate kuishi.