Bega Letu na Kamba Zake

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo, Kikuyu, Dodoma)



Leo tuzungumze juu ya bega. Tunapoinua jembe, tunapotwanga uwele, tunapojitwika ndoo ya maji, bega ndilo linalofanya kazi. Likiharibika wakati wa kilimo, nyumba nzima inaona njaa.

Haya, kila mmoja wetu azungushe mkono. Mbele, juu, nyuma. Hakuna kiungo kingine mwilini kinachozunguka hivyo. Kwa nini?

Tufikirie kinu na mchi. Nyonga imejengwa hivyo: kichwa cha mfupa wa paja kimezama shimoni. Bega sivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kama chungwa juu ya kisahani. Kisahani hicho ni sehemu ya kombe la bega, yaani ule mfupa mpana wa mgongoni. Chungwa juu ya kisahani huzunguka kwa urahisi, na huanguka kwa urahisi. Ndiyo maana kati ya viungo vikubwa, bega ndilo huteguka mara nyingi zaidi.

Basi, linashikwa na nini? Linashikwa na kano. Kano ni kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Mbele ya bega ziko tatu: ya juu, ya kati na ya chini. Mkono ukining'inia, ya juu husaidia kuushika usishuke. Mkono ukiinuliwa na kupelekwa nyuma, kama mtu anayetaka kurusha jiwe, ya chini ndiyo huzuia mfupa usitoke mbele. Kano nyingine hufunga mtulinga na kombe la bega. Tena iko misuli minne inayokumbatia kiungo hicho. Kano na misuli hushirikiana.

Sasa tuchukue mfano. Kijana ameanguka na baiskeli, akajikinga kwa mkono. Mfupa umetoka, na mara nyingi hutokea mbele. Bega limepoteza umbo lake la duara. Maumivu si mchezo. Wenzake wanasema, "Mvuteni tu, utarudi!"

Hapana, ndugu zetu! Huenda mfupa umevunjika pia. Mishipa ya damu na ya fahamu inapita hapo hapo kwapani. Kuvuta ovyo kunaweza kuupoozesha mkono.

Tufanye hivi:

1. Tusivute wala tusikande.
2. Tuufunge mkono kwa khanga kutoka shingoni, vile vile ulivyo.
3. Tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo, apigwe picha ya eksirei na kurudishwa na mtaalamu.

Sisi wa Kikuyu hatuna kisingizio. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko hapa Dodoma. Hospitali ya Benjamin Mkapa nayo iko upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma.

Mfupa ukirudi, kazi haijaisha. Kano iliyochanika haiponi kwa siku mbili. Hutaka majuma ya kupumzika, kisha mazoezi ya kuipa misuli nguvu, kama mganga atakavyoagiza. Kijana akikimbilia jembe mapema, bega linaweza kutoka tena na tena, hata akijigeuza kitandani.

Kamba ikilegea, mzigo huanguka. Tuzitunze kamba zetu. Na wewe uliyesoma haya, msomee jirani asiyejua kusoma.