Mtoto akisomea uandishi, atamtumikia nani?



Mzazi mmoja wa Choma cha Nkola, wilayani Igunga, ameuliza jambo linalowasumbua wazazi wengi kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Binti yake anataka kwenda chuo kusomea uandishi wa habari, uhusiano wa umma na matangazo ya biashara, vyote katika kozi moja. Ada itatoka zizini. Sasa mzee anauliza: hiyo ni kazi moja au ni kazi tatu?

Ni kazi tatu, mzee wangu, na kila moja ina bwana wake. Mwandishi wa habari humtumikia msomaji anayetaka kujua kilichotokea. Afisa uhusiano humtumikia aliyemwajiri, iwe benki au mamlaka ya maji, na hulinda jina la mwajiri huyo. Mtu wa matangazo humtumikia mwenye sabuni ili sabuni inunuliwe. Zote ni kazi halali, na mtu anaweza kula jasho lake kwa yoyote kati ya hizo. Balaa huanza mtu mmoja anapozifanya zote tatu kwa mkupuo, asituambie ni saa ngapi amevua kofia hii na kuvaa ile.

Watu wa Tabora wana mfano mlangoni mwao. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alifika Unyanyembe kwa njia ya misafara kutoka pwani, akakaa Kwihara. Wengi tunamkumbuka kama mpelelezi wa nchi, lakini yule bwana alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald. Mwenye gazeti, James Gordon Bennett, ndiye aliyemtuma amtafute Dk. Livingstone. Tusidhani ilikuwa huruma tupu. Habari ya kupatikana kwa Livingstone ilikuwa habari ya kuuza magazeti, kwa hiyo wapagazi wale, na mizigo yao ya vitambaa na shanga, walikuwa wamebeba pia tangazo la biashara.

Kuna zaidi ya hilo. Stanley aliwakuta Waarabu wa Unyanyembe wana vita na Mtemi Mirambo. Waarabu ndio waliokuwa wenyeji wake, wakamkirimu vizuri. Basi mwandishi wetu akachukua bunduki na watu wake, akaenda vitani upande wa wenyeji wake! Mirambo akawatimua. Stanley akarudi nyuma, akalazimika kuzunguka kwa njia ya kusini ndipo akafika Ujiji. Aliyoyaandika juu ya Mirambo safari ile ni maneno ya mtu aliyesikia upande mmoja, akaupigania. Mwaka 1876 wakakutana uso kwa uso, wakachanjiana damu wakawa ndugu, na kalamu ikageuka: yule mnyang'anyi wa jana akawa muungwana. Ingawa, na hili nalo wanafunzi walipime, safari hii aliyemsifu alikuwa ndugu yake wa kuchanjiana damu.

Siku hizi mwandishi hapewi nyumba Kwihara. Anapewa bahasha. Anaitwa kwenye semina, anakaribishwa soda na chakula, na wakati wa kuondoka anatiliwa mkononi kile kinachoitwa nauli. Mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa habari moja moja, tena kwa kuchelewa, hupata taabu kuikataa, kwa sababu huenda ikazidi malipo ya gazeti lake. Anayempa ni afisa uhusiano, na pengine walisoma darasa moja. Hapo ndipo ninapoiogopa kozi ya mchanganyiko isiyomweleza mwanafunzi mpaka uko wapi. Inaweza kutoa mtu hodari wa kuandika taarifa ya mwajiri na kuipa kichwa cha habari.

Si kwamba masomo yenyewe hayana maana. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, pamoja na kanuni zake za 2017, iliifanya stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa anayetaka kutambuliwa kuwa mwandishi wa habari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimetenga shahada ya uandishi wa habari na ile ya uhusiano wa umma na matangazo, na mimi naona kimefanya vyema. Wala kazi hii si ya watu wa Dar es Salaam peke yao. Gazeti la Kiongozi lilianzia Tabora, mwaka 1950.

Kwa hiyo kabla ng'ombe hajafikishwa mnadani, baba na binti wakakitazame chuo. Kwanza waulize kama kimesajiliwa na NACTVET, na waonyeshwe hati. Wakiona studio, waulize kama mitambo inafanya kazi au imefunikwa kitambaa kwa ajili ya wageni. Wamwombe mkuu wa chuo awaonyeshe habari zilizoandikwa na wanafunzi wa mwaka wa pili, si picha za mahafali. Kisha binti mwenyewe amuulize mwalimu: mwandishi akipewa bahasha kwenye semina, hapa mnamfundisha afanye nini? Mwalimu akicheka tu, warudi na fedha yao Choma, wakatafute chuo kingine.