Kura za Karatu na Ngorongoro
(Hotuba mbele ya wanachama wa tawi)



Vijana wetu hutuuliza kwa nini twajishughulisha na khabari za bara, hali za visiwani zatutosha. Leo twawajibu kwa khabari za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha.

Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 katika 71. Kile kimoja kilikuwa cha Mbulu, wilaya ambayo Karatu ilikuwa ndani yake. Watu wa huko hawakuichukia TANU. Bwana Herman Sarwatt waliyemchagua alikuwa mwanachama wake. Walilolikataa ni kuletewa mtu aliyekwisha kuchaguliwa na wakubwa wa chama.

Katiba ya muda ya 1965 iliufunga mlango ule: TANU peke yake bara, Afro-Shirazi peke yake huku kwetu. Uchaguzi haukufutwa. Mpiga kura wa bara aliwekewa wagombea wawili, mmoja jembe, mwengine nyumba, wote wamepitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU. Tuseme haki: hata Waziri wa Fedha, Bwana Paul Bomani, aliangushwa mwaka ule. Lakini mtu kama Sarwatt hakuwa tena na pa kuandikisha jina lake. Na sisi visiwani, hata hilo jembe na nyumba hatukupewa.

Vyama vingi viliporudi 1992, Karatu haikuwa imesahau. Mwaka 1995 Dakta Wilbrod Slaa, baada ya kukataliwa na CCM, alisimama kwa CHADEMA akashinda, na kiti kikabaki kwa upinzani hadi 2020. Katika uchaguzi wa Oktoba 2025 CHADEMA haikuwamo kabisa.

Ngorongoro ilipatikana njia nyengine. Agosti 2024 tangazo la Serikali lilifuta kata 11 na vijiji 25 vya tarafa ile, na wakaazi wakakuta majina yao ya kupigia kura yamehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni, mamia ya kilomita kutoka kwao. Mwizi wa kura ana haja gani ya sanduku, ikiwa kijiji chenyewe hakipo? Wamasai, wake kwa waume, walikaa barabarani siku kadhaa, na Mahakama Kuu ya Arusha ikalisimamisha tangazo.

Kwa hivyo twawaomba makatibu wa matawi walete, kabla ya mkutano ujao, orodha ya kila mwanachama ambaye jina lake halionekani daftarini, ama limehamishiwa shehia asiyoishi.