KUIFUFUA PIKIPIKI KUUKUU
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kwa Mrombo, Arusha)



Tumeombwa kueleza habari za pikipiki ile ambayo wengi wenu mliiona ikilala uani kwetu, kuku wakitaga kando yake, na ambayo sasa mwaiona ikipita barabarani. Wengine wametuuliza: Ninyi ni makarani, oili chafu yawahusu nini? Jibu letu ni fupi. Mtu aandikaye barua mchana kutwa hapungukiwi na heshima akishika spana jioni. Wala si sisi wanne tuliokuwa mafundi. Hakuna hata mmoja wetu aliyepata kufungua injini kabla ya hapo. Twataka kuonyesha ya kuwa kazi hii yawezekana kwa mtu mgeni nayo, akiifuata kwa utaratibu. Na utaratibu huo sharti uanze na uhai wa mtu, usianze na uzuri wa rangi.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125, aina iliyotokea mwaka 1976. Wajapani waliibuni kwa ajili ya nchi ambazo watu hupakia mizigo mizito, na matengenezo huahirishwa hata chombo kikatae kwenda. Kwa hiyo injini yake ni nyepesi kufahamika: silinda moja, na valvu zake husukumwa kwa fito mbili za chuma. Wachina waliiga injini hiyo kwa wingi, na bodaboda nyingi za leo zina injini za ukoo huo. Ndiyo maana vipuri vingi vyapatikana madukani, ijapokuwa chombo chenyewe ni cha zamani. Walakini si kila kipuri kitaingia. Yafaa kuchukua kile cha kale mkononi, ukilinganishe na kipya juu ya meza ya muuzaji kabla ya kutoa fedha.

Chombo hiki kilikuwa mali ya bwana shamba mstaafu, ambaye sasa ni marehemu. Mjane wake alikuwa karibu kukiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kipimwe kwa kilo. Tulimwahidi bei iliyo bora kuliko ile, naye akakubali. Lakini kadi ilikuwa na jina la marehemu. Hapo tulisimama. Hatukununua hata boliti moja mpaka Mahakama ya Mwanzo ilipomteua msimamizi wa mirathi, naye akatia sahihi, na jina likabadilishwa katika Mamlaka ya Mapato. Ndugu zetu, mtu akitengeneza mali isiyokuwa na hati, amemtengenezea mwingine. Na ugomvi wa warithi hauondolewi kwa msasa.

Baada ya hayo tulifungua daftari. Kila kipande kilichotolewa kiliandikwa: kimetoka wapi, kilielekea upande gani, hali yake ni nini. Boliti zake zilitiwa katika kopo lenye namba ile ile iliyo daftarini. Nyaya za umeme zilifungiwa vikaratasi kabla ya kukatwa. Kazi hii karani aijua tangu siku yake ya kwanza ofisini, maana barua isiyotiwa katika jalada lake ni kama haikuandikwa. Miezi ilipopita kati ya kufungua na kufunga, kumbukumbu zetu zilififia, lakini daftari halikusahau.

Injini iliyolala miaka mingi isipigwe kiki kwa nguvu. Ringi za pistoni huweza kushikana na silinda kwa kutu, na nguvu itazivunja. Tulitoa plagi, tukadondosha oili kidogo katika tundu lake, tukaacha siku mbili. Kisha tuliingiza gia ya juu, tukazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, polepole, mbele na nyuma, mpaka tulipoisikia pistoni ikisogea. Oili ya zamani ilimwagwa yote, ikatiwa mpya.

Tangi lilikuwa na kutu ndani, na petroli ya kale imekuwa kama ulimbo. Tulilisafisha nje, penye upepo, mbali na jiko la mkaa na mbali na mvutaji wa sigara, kwa kuwa mvuke wa petroli huwaka hata pale ambapo petroli yenyewe haionekani. Tulitia kokoto na siki, tukatikisa, tukaacha mpaka kesho yake, tukasuuza sana, tukakausha juani. Kabureta nayo ilifunguliwa, na jeti zake zikapulizwa kwa upepo. Msiingize waya wa chuma katika tundu la jeti. Tundu likipanuka kidogo tu, kipimo cha petroli kimeharibika.

Tena kumbukeni mahali tunapokaa. Mji wetu uko katika mwinuko wa mita 1,400 hivi, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ile ya pwani. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani huku hutoa petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo, na plagi hugeuka nyeusi kwa masizi. Kadhalika vumbi letu, lililotokana na majivu ya kale ya Mlima Meru, ni laini kama unga. Pasipo chujio zuri la hewa, vumbi hilo huingia na kula silinda. Chujio ndilo lililokuwa miongoni mwa vitu vya kwanza tulivyonunua.

Sasa twafika penye neno kubwa. Injini ilipoanza kunguruma, mmoja wetu alitaka kuipanda papo hapo mpaka Mbauda, na mwingine alitaka fedha ya mwezi ule inunue rangi. Tulikataa yote mawili. Tairi zilikuwa na meno mazuri, lakini kandokando zimepasuka kwa uzee, kwa maana mpira huzeeka hata usipotembea. Vitambaa vya breki vilikuwa vimelowa grisi. Tulivitoa, tukapangusa vumbi la ndani kwa kitambaa chenye maji bila kulipuliza, kwa sababu breki nyingi za zamani zilitiwa asbesto, ambayo huharibu mapafu. Tukanunua breki mpya, tairi mpya, tyubu mpya, waya mpya wa breki ya mbele, na kofia ngumu mbili, ya dereva na ya abiria. Rangi ikangoja miezi mitatu. Mtaani watu walicheka chombo chenye madoa. Afadhali wacheke madoa kuliko waje matangani.

Juu ya fedha, kila mmoja alitoa kila mwezi kiasi kisichogusa chakula wala ada ya watoto. Mwezi usio na fedha tulisugua kutu, maana kusugua hakuna gharama. Hatukukopa. Kazi ilichukua miezi kumi na moja, na hesabu yote imeandikwa. Atakaye pikipiki ya haraka na anunue mpya. Hii si njia ya haraka, wala hatuwezi kuapa ya kuwa ni rahisi kuliko zote. Faida yake ni nyingine: leo ikizimika njiani, twajua pa kuanzia kutazama.

Bwana Mwenyekiti, daftari letu li wazi kwa kila mwanachama atakayefika uani kwetu Jumamosi alasiri. Twaomba tu anawe mikono kabla ya kufunua kurasa.