Kijana afanye mtihani lini, na nani aamue?

Haya ni maelezo ya mazungumzo ya mwalimu mstaafu mbele ya walimu, watumishi wa serikali na wazazi wa Nachingwea na Ruangwa.



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo kila mwaka, ifikapo Januari, huleta ugomvi katika nyumba nyingi za wilaya zetu mbili. Kijana amemaliza kidato cha nne, au cha sita, na matokeo yake hayakutosha kumfikisha chuo alichokitaka. Je, akae tena katika chumba cha mtihani mwaka huu huu? Asubiri mwaka ujao? Au asirudie kabisa, bali ashike njia nyingine?

Nchini mwetu hakuna mtihani mmoja uitwao mtihani wa kuingia chuo. Mlango wenyewe ni mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kidato cha nne hufanya mtihani wake mwezi Novemba, na kidato cha sita hufanya mwezi Mei. Mwanafunzi aliyeko shuleni hachagui siku. Amechaguliwa na kalenda. Lakini matokeo yakishatoka, kalenda ya shule humwacha mkono, naye huwa mtahiniwa wa kujitegemea. Tangu hapo uamuzi huwa wa nyumbani, nasi wa nyumbani mara nyingi hatuujui uzito wake.

Hebu tutazame uamuzi huo hufanywa wakati gani. Matokeo ya kidato cha nne hutangazwa Januari, na usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika mwanzoni mwa mwaka. Huku kwetu huo ni mwezi ambao fedha ya korosho ingali mfukoni na aibu ya matokeo ingali usoni. Baba ana fedha na baba ana hasira. Basi huchukua fedha akalipa ada ya mtihani ili aondoe hasira. Kijana haulizwi. Mwalimu naye haulizwi. Itakapofika Septemba, korosho zitaanza kudondoka, na kijana yule yule aliyelipiwa ada ataambiwa achukue ndoo aende shambani. Novemba ataingia katika chumba cha mtihani mikono ikinuka utomvu wa mabibo, na kitabu hajakifungua tangu Julai.

Ndugu zangu, hapo tunasema kijana amefeli mara ya pili. Mimi nasema tumemsajili, hatukumpa mtihani.

Sisi wa Nachingwea tuna sababu ya pekee ya kuogopa haraka ya namna hiyo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Walileta matrekta, wakafyeka mapori kabla ya kuyajua vizuri udongo na mvua, wakajenga reli kutoka pwani kuja Nachingwea kuchukua karanga ambazo zilikuwa bado hazijaota. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, na reli nayo haikufika mbali katika miaka ya uhuru. Wakubwa wale hawakukosa fedha wala mashine. Walikosa kuuliza kwanza kama shamba liko tayari. Nasi tunapomlipia kijana ada ya mtihani kabla ya kumuuliza kama yuko tayari, tunajenga reli kwanza.

Lakini nisieleweke vibaya. Wahenga wetu walisema haraka haraka haina baraka, na wahenga hao hao wakasema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Hawakujipinga, walijua kwamba kuna haraka inayoharibu na kuna kungoja kunakoharibu. Nitatoa mfano wa kila kimoja, na mifano yote miwili inanihusu mimi mwenyewe.

Mwanangu wa kwanza hakufanya vizuri kidato cha nne. Mimi nilikuwa mwalimu, na watu walinitazama. Kijana aliniomba aende kwanza akajifunze ufundi wa umeme. Nilikataa. Nilimsajili Januari ile ile, masomo yote, nikampa vitabu vyangu na makaripio yangu. Novemba akafanya, na matokeo yakaja karibu sawa na yale ya kwanza. Mwaka ulipotea, na kitu kingine kikapotea ambacho Baraza la Mitihani halikipimi: aliacha kunieleza mambo yake. Alikwenda kwenye ufundi, akaupenda. Miaka minne baadaye alirudia masomo mawili tu, Hisabati na Fizikia, kwa fedha ya mikono yake. Hakuniambia mpaka alipokwisha kufanya. Fizikia alifaulu, Hisabati hakufaulu. Lakini safari ile alijua anarudia nini na kwa sababu gani, na hakuna aliyemsukuma.

Mfano wa pili ni wa binti wa jirani yangu, nilipokuwa nikifundisha upande wa Ruangwa. Alitaka uuguzi. Lililomfungia mlango lilikuwa somo moja, Kemia. Mwalimu wake alisema binti yule angeweza kulifaulu akipata miezi michache ya kusoma. Baba yake, mtu mwema, alisema: baada ya korosho. Korosho zikaisha, akasema: tuvune ufuta kwanza. Ufuta ukaisha, zikaja korosho tena. Miaka mitatu ikapita hivyo, mwisho binti akaolewa. Mimi niliyaona yote kutoka uani kwangu na sikusema neno, nikijiambia kwamba nyumba ile si yangu. Kosa la kwanza nililifanya kwa kusema mno, na la pili kwa kunyamaza.

Taifa letu nalo limewahi kulishughulikia swali hili la wakati. Mwezi Novemba mwaka 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma. Katika maamuzi yake, ilionekana kwamba anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa afanye kazi kwanza, angalau miaka miwili, na aende chuoni kwa mapendekezo ya wale aliofanya kazi nao. Shabaha ilikuwa nzuri: msomi aijue kazi na awajue wananchi kabla ya kupewa madaraka juu yao. Watu wazima wengi waliokuwa makazini nao walifunguliwa mlango.

Hata hivyo, jambo moja lilijitokeza upesi. Idadi ya wasichana walioingia chuo kikuu ilipungua. Miaka ile ya kungoja, ambayo kwa mvulana ilikuwa miaka ya kazi, kwa msichana ilikuwa miaka ya kuolewa na kuzaa. Ikabidi wasichana wasamehewe sharti hilo, na katikati ya miaka ya 1980 utaratibu wa kwenda chuoni moja kwa moja ukarudishwa. Sikusudii kuwalaumu waliokata shauri Musoma. Nataka tuone funzo lililo wazi: mwaka mmoja wa kungoja hauna urefu sawa kwa watoto wote. Anayesema "asubiri tu, bado mdogo" lazima aseme pia kijana atasubiri wapi, akifanya nini, na nani anamlinda.

Kusubiri kwenye kazi si kupotea. Ndugu Kassim Majaliwa, mwana wa Ruangwa aliyekuwa Waziri Mkuu kutoka mwaka 2015 hadi 2025, alishika chaki kwanza akiwa mwalimu, ndipo akasoma shahada katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hicho kwa miaka mingi kilikuwa na mtihani wa kuwapokea watu wazima wasiopungua miaka 25, na baadaye Tume ya Vyuo Vikuu ikaweka utaratibu wa kutambua maarifa ambayo mtu ameyapata nje ya darasa. Kwa hiyo mlango haufungwi siku kijana anapotimiza miaka 20. Lakini kusubiri kwa kukaa kibarazani, au kwa kukimbilia machimboni bila mpango, huko si kusubiri. Huko ni kuacha bila kusema kwamba umeacha.

Sasa tufanye nini? Nashauri kwamba, kabla ya fedha ya usajili kutolewa, watu watatu wakae pamoja: kijana, mzazi na mwalimu anayemfahamu. Na wajibu maswali matatu.

Swali la kwanza: ni mlango gani hasa uliofungwa? Wengi wetu humrudisha kijana katika masomo yote kama kwamba hakupata kitu. Kwenda kidato cha tano kunadai alama C au zaidi katika masomo matatu. Lakini vyuo vingi vya astashahada vimekuwa vikipokea wenye ufaulu wa masomo manne kuanzia alama D, mbali na masomo ya dini, na fani za afya hutaja Kemia, Baiolojia na Fizikia. Atokaye huko na stashahada nzuri anaweza kufika chuo kikuu. Huenda kijana wako hahitaji kurudia chochote. Huenda anahitaji somo moja. Arudie somo linalofunga mlango, asirudie aibu ya mzazi wake. Na kwa kuwa masharti ya vyuo na ya mikopo hubadilika, mkiwemo ya umri na ya miaka iliyopita tangu kumaliza shule, isomeni miongozo ya mwaka husika, msiyategemee maneno ya kijiweni.

Swali la pili: nini kimebadilika tangu mtihani uliopita? Kama mwalimu ni yule yule, vitabu ni vile vile na saa za kusoma ni zile zile, mbona tutegemee matokeo mengine? Kijana afanye kwanza mtihani wa majaribio, mwalimu ausahihishe kwa haki, ndipo tuseme mwaka huu au mwaka ujao.

Swali la tatu ni la mzazi peke yake: je, utampa miezi mitatu? Septemba, Oktoba na Novemba kwa kidato cha nne; Machi, Aprili na Mei kwa kidato cha sita, wakati ufuta nao unaita. Tangu mwaka 2016 serikali imeondoa ada kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita. Lakini muda wa mtoto nyumbani hautolewi na serikali. Unatolewa na wewe mwenye shamba. Najua mkorosho haungoji, na najua fedha ile ndiyo inayojenga na kuvisha. Basi kama mwaka huu huwezi kumwachia kijana miezi hiyo, sema kweli, msimsajili, na mpangeni mwaka utakaoweza. Kusema hivyo kuna heshima kuliko kumlipia ada na kumnyima muda.

Ndugu walimu, nasi tuna la kujibu. Wako miongoni mwetu ambao wamewahi kumnong'oneza mwanafunzi dhaifu asifanye mtihani, eti ajiandae zaidi, na kumbe tulikuwa tunalinda wastani wa shule. Nami sijitoi katika hesabu hiyo. Baraza liliacha kutangaza kumi bora katika matokeo yaliyotolewa Januari 2023, na ni vizuri. Ushauri wa mwalimu juu ya wakati wa mtihani uwe kwa faida ya mtoto peke yake. Ukiwa na faida nyingine ndani yake, huo si ushauri.

Na ninyi vijana mlioketi nyuma: maneno ya wakubwa yasikilizeni, lakini siku ya mtihani mtakaa kwenye dawati peke yenu. Kwa sababu hiyo neno lenu liwe la mwisho, wala si la kwanza. Mzazi aseme uwezo, mwalimu aseme hali ya masomo, kisha wewe useme utafanya lini. Ukishasema, usimame juu ya neno lako.

Ndugu Mwenyekiti, yule binti wa Kemia nilionana naye hivi karibuni. Ana watoto wawili. Aliniuliza kama amechelewa. Nilimjibu kwamba Baraza la Mitihani halimuulizi mtahiniwa wa kujitegemea ana watoto wangapi, na kwamba tangu Novemba 2021 serikali imewaruhusu hata wasichana waliokatiza shule kwa kujifungua kurudi darasani. Itakuwaje yeye aliyekwisha kumaliza? Kisha nikafanya lile nililopaswa kufanya zamani: nilikwenda kwa mumewe, tukakaa watatu, tukahesabu miezi ya korosho, na yeye akataja mwaka.

Naomba kila mkuu wa shule aliyeko hapa atenge siku moja ya Januari, matokeo yakishatoka na usajili haujafungwa, awaite wazazi na vijana waliomaliza, wakae hivyo hivyo watatu watatu. Siku moja haitamaliza tatizo, lakini itawazuia wengine wasifanye niliyoyafanya mimi.